Kamera ya Kupigia Nyota

Mollo, Sumbawanga
4 Mei 2024

Mwanangu Jenifa,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo, kile kifua kilichonisumbua wakati wa Pasaka kimeachia. Dada yako Rose alipita juzi kutoka Chanji na watoto wake, wote wazima. Mahindi yamekauka shambani, wiki ijayo tunaanza kuvuna. Ulezi bado kidogo. Nawe huko Dar es Salaam natumaini hujambo na studio inakwenda.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, tena imekuja na basi kama mzigo. Kwenye simu mimi na wewe hatuchelewi kukatiana maneno, halafu miezi inapita bila salamu. Barua mtu huisoma akaiweka, kisha akairudia hasira ikishapoa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nina jambo la kukuomba, na ni la kazi yako. Unajua miaka thelathini na moja niliyokaa kituo cha hali ya hewa kazi yangu ilikuwa kutazama juu na kuandika: wingu sehemu tano kati ya nane, wingu sehemu nane kati ya nane. Anga likiwa safi tuliandika sifuri tukageuza ukurasa. Tangu nistaafu nakaa uani baada ya chakula cha jioni naitazama hiyo sifuri, na naona niliipita haraka mno.

Mwezi uliopita baada ya misa, mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya jirani hapa Kaengesa, anaitwa Kasmir, alinionyesha picha kwenye simu yake. Ni wingu, lakini si la mvua. Ni wingu la gesi lililo mbali kupita nyota tunazozijua, jekundu katikati, na liko upande wetu wa kusini. Kasmir akasema aliyeipiga ni mtu tu kama sisi, akiwa nyumbani kwake na kamera yake. Macho hayawezi kuliona hivyo, ila kamera ukiiacha wazi kwa dakika kadhaa inakusanya nuru mpaka inatosha.

Nataka kupiga picha ya namna hiyo. Sijui nianze na nini. Je, ninunue darubini au kamera? Mjini wanauza darubini zilizoandikwa kwamba zinakuza mara mia sita. Je, hiyo inafaa kwa mtu anayeanza? Anga letu ni safi kuanzia sasa mpaka mwisho wa Julai. Agosti watu wanaanza kuchoma nyasi na moshi unafunika kila kitu. Ningependa msimu huu usinipite.

Baba yako,
Eustaki


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Joto la huku limepungua kidogo. Nisalimie Rose na watoto.

Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Mwezi huu peke yake nimepiga harusi saba na kipaimara kimoja.

Kuhusu picha za nyota, hiyo ni kazi ngumu na mimi si mtaalamu wake. Ninachojua ni kwamba simu haiwezi. Inatakiwa kamera ya kubadilishia lenzi, hata ya zamani, na kamera inayofaa haipatikani kirahisi hapa mjini. Tena kama unavyojua, si kila mtu anaona kamera ni kitu cha kununua.

Usinunue chochote kwanza. Nitauliza uliza. Subiri.

Binti yako,
Jenifa


Mollo
21 Julai 2024

Mwanangu Jenifa,

Barua yako nimeipata nikashukuru kusikia u mzima. Sisi huku tunatetemeka. Asubuhi ya Jumatano kipimajoto changu cha uani kilisoma digrii tano, na upepo hauna huruma. Mahindi yamo ghalani.

Ulisema nisubiri. Barua ilifika nikiwa nimeshanunua, maana mwezi wa sita ulikuwa unaisha na sikusikia neno. Nikuambie yote, usije ukayasikia kwa Rose kwa namna nyingine.

Nilikwenda mjini kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitu mchanganyiko. Darubini ilikuwa kwenye boksi lenye picha za kupendeza, wingu lile jekundu nalo limo, na imeandikwa mara 675. Nikajiona nina bahati. Jioni ile ile nikaisimamisha uani. Miguu yake, mwanangu, ni ya mbu. Ukiigusa tu nyota inaruka inatoka nje, na ukishaipata upepo unaitoa tena. Ukiongeza ukuzaji giza linazidi na mtikisiko unazidi. Nikajaribu kushikiza simu pale pa kuchungulia. Picha moja ilitoka, ya kidole gumba changu.

Nimehangaika nayo jioni kumi na moja. Ya mwisho nilijikwaa kwenye ile miguu tukaanguka wote wawili, mimi na darubini. Rose alinikuta nimekaa chini, akaanza kunisema kama mama yako enzi zake. Sijaumia. Nimeirudisha kwenye boksi, na boksi nimeliweka juu ya kabati nisiwe naliona.

Makosa ni yangu. Mtu aliyepima mvua miaka thelathini na moja alipaswa kujua kwamba kwanza unatazama chombo kimesimama juu ya nini. Sasa naomba uniambie kama mtu asiyejua kitu kabisa: nianze na nini? Bado kuna wiki mbili tatu kabla ya moshi.

Baba yako,
Eustaki


Dar es Salaam
25 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini baridi imepungua na umeacha kuanguka na darubini. Nisamehe, ile ya kidole gumba nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Halafu nikakaa nikafikiri ulivyokuwa peke yako na lile boksi, kicheko kikaisha.

Nimempata mtu anayejua. Anaitwa Ngeleja, anafundisha chuo hapa, na wikiendi huenda mbali na taa za mji kupiga picha za anga. Nimemweleza habari zako. Alisema karibu kila anayeanza hununua ile ile darubini. Ukuzaji haukusaidii. Mawingu yale ya gesi ni makubwa, mengine ni mapana kuliko mwezi. Shida yake ni kwamba nuru yake ni hafifu, kwa hiyo kazi ni kuikusanya kwa muda mrefu bila kutikisika.

Akanipangia hivi. Kitu cha kwanza kabisa ni stendi. Inatakiwa stendi nzito yenye mota ndogo inayoizungusha kamera polepole sana kufuata nyota, maana dunia inazunguka na ukiacha kamera imesimama tu nyota zinatoka mistari. Akasema pesa zako nyingi ziende huko. Kamera inafuata: ya kawaida ya kubadilishia lenzi, hata iwe na miaka kumi na tano. Lenzi isiwe ndefu. Ya milimita 135 inamtosha mwanzilishi kwa miaka, kwa sababu lenzi ndefu inakuza na makosa. Darubini inakuja mwisho, na wengine hawaifikii wala hawajutii. Kisha unapiga picha nyingi za dakika moja, mbili, na kompyuta inazijumlisha kuwa moja.

Kitu kigumu ni kuilenga stendi. Mhimili wa ile mota lazima uelekee pale ambapo anga lote linapazunguka, upande wa kusini. Wazungu wa kaskazini wana nyota inayowaonyesha kwao. Kwetu hakuna nyota ya maana pale. Ngeleja anasema hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Stendi nitaitafuta mimi. Kamera bado.

Baba, kuna kitu nataka kukuuliza, na kwa kuwa ni barua nitakiandika. Unakumbuka mwaka 2011 nilipokuomba kamera? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Unakumbuka ulivyonijibu, na nani walikuwa wamekaa sebuleni?

Binti yako,
Jenifa


Mollo
8 Septemba 2024

Mwanangu Jenifa,

Nimefurahi sana na barua yako, nimemsomea Kasmir naye akainakili. Mshukuru huyo Ngeleja. Sisi wazima. Moshi umetanda, jua linazama jekundu kabla halijafika milimani.

Kuhusu kulenga kusini msiwe na wasiwasi. Hiyo ni kazi niliyoifanya nikiwa kijana, kipima upepo hakifai kitu kama hakikuwekwa kusini halisi. Sumbawanga iko karibu digrii nane kusini ya ikweta, kwa hiyo pale panapozungukwa na anga pako digrii nane tu juu ya upeo. Nimeshajenga nguzo fupi ya zege uani, nimeisawazisha kwa pimamaji na kuichora mstari wa kusini. Inasubiri stendi tu.

Kuhusu jambo la 2011, ni la zamani. Nadhani marehemu mama yako alilimaliza.

Je, kamera inaweza kupatikana kabla ya mvua? Mwezi wa kumi kukinyesha mara moja moshi huoshwa, na huwa tunapata siku chache nzuri sana. Nakuomba, kama inawezekana.

Baba yako,
Eustaki


Dar es Salaam
15 Desemba 2024

Baba, shikamoo, na heri ya Noeli inayokuja.

Mimi mzima, kazi ni nyingi kama kila Desemba. Sikuandika muda mrefu. Sina sababu nzuri ya kukupa.

Kwa basi hili natuma stendi na mota yake. Ni zawadi, usiniulize bei. Betri zimo. Kamera bado natafuta. Najua huko ni mvua tupu sasa, kwa hiyo hakuna kinachoharibika.

Krismasi hii sitaweza kuja.

Jenifa


Mollo
2 Machi 2025

Mwanangu Jenifa,

Utaona herufi zimekuwa kubwa na mistari inapanda. Naandika kwa kufuata rula. Vumilia.

Stendi ilifika salama. Nimeiweka sebuleni na kila jioni naifungua na kuifunga mpaka mikono imeizoea. Mota yake ina mlio mdogo kama wa mdudu aliye mbali. Ni chombo kizuri na nimekishukuru kuliko nilivyokuandikia.

Nina mambo mawili. La kwanza. Mwezi wa pili mwaka jana, kabla sijakuandikia barua ya kwanza, nilikwenda hospitali kwa ajili ya miwani. Wakanipima, wakasema ni presha ya macho, imekula mishipa kwa miaka na mimi sikujua. Nilipewa dawa ya matone. Daktari alinieleza vizuri, hakunificha: kilichopotea hakirudi, na vitu hafifu ndivyo vitatangulia kupotea. Nilikuwa nimeshaona hivyo. Kule kusini kuna mawingu mawili madogo ya nyota niliyoyazoea tangu ujana wangu kituoni, na nilikuwa nayatafuta siyaoni, ingawa anga lilikuwa sifuri.

Ndipo Kasmir aliponionyesha ile picha. Kwenye simu, yenye mwanga, niliiona. Nikasema basi, kamera ione, nami niione kamera ilichoona, wakati bado nina nafasi. Nilihesabu kwamba nina msimu mmoja, labda miwili. Rose alijua. Nilimkataza kukuambia. Sikutaka unipe kamera kwa kunionea huruma, maana wewe ulipotaka yako hakuna aliyekuonea huruma.

Na hilo ni la pili. Nakumbuka 2011. Walikuwa Baltazari, mwenyekiti wa jumuiya, na mke wake, na mama yako alikuwa anamimina chai. Nilisema nyumba hii hainunulii watu wavivu vitu vya kuchezea. Uliweka sahani mezani ukatoka. Sikuwa na hasira nawe siku ile. Nilikuwa nataka Baltazari aone kwamba natawala nyumba yangu. Baadaye nilisikia unaosha vyombo hotelini Mbeya ili ununue mwenyewe, na nilijua ni kwa ajili ya neno langu, lakini kila nilipotaka kukuambia niliona umri wangu unanizuia. Nilikosea, Jenifa. Nisamehe. Nilipaswa kulisema kabla ya kukuomba kitu.

Jicho la kulia halioni tena. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini picha kwenye skrini bado naweza kuipitia kipande kwa kipande. Mvua ni nyingi, anga limefunga. Mwishoni mwa Mei mwezi utakuwa mwandamo na wingu lile litakuwa juu kusini saa mbili tu za usiku, hakuna haja ya kukesha. Kama kamera itapatikana, ilete wewe mwenyewe.

Baba yako


Dar es Salaam
7 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimesimama stendi ya basi, sikungoja kufika nyumbani. Nimelia mbele za watu.

Nimekusamehe, nawe unisamehe kwa mengi. Usikose matone hata siku moja. Nimeulizia madaktari wa macho hapa Dar, ukitaka kuja nauli na pa kulala vipo.

Kamera imepatikana. Nitaileta mwenyewe. Nimeshajifunga kwa harusi zinazofuata baada ya Pasaka na wenyewe wameshalipa, kwa hiyo nitakuja mwishoni mwa Mei kama ulivyopanga. Tutakaa wiki nzima. Nisubiri.

Binti yako,
Jenifa


Chanji, Sumbawanga
27 Aprili 2025

Mwanangu Jenifa,

Hii anaandika Rose, maneno ni yangu.

Jicho la kushoto lilizima Ijumaa Kuu, asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu. Tumekwenda hospitali, wamefanya walichoweza, na kuja Dar es Salaam hakutabadilisha. Kwa sasa nakaa hapa kwa Rose. Afya nyingine ni njema, chakula nakula.

Njoo vile vile. Mota isikae bure.

Baba yako


Dar es Salaam
22 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Nilifika salama. Naomba Rose akusomee barua hii mkiwa wawili tu, watoto wakiwa nje.

Ndani ya bahasha kubwa kuna picha. Nimeisafisha kwenye karatasi nzuri, nimeiweka kwenye fremu. Ndiyo ile ya tarehe ishirini na saba Mei. Nakueleza siku ile ilivyokuwa kwa upande wangu, kwa sababu kuna mengi niliyaona sikuyasema.

Tulipotoka Chanji kurudi Mollo ulikuwa umenishika bega, lakini tulipoingia uani uliniachia. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ukaweka viganja juu yake. Mimi nilikuwa nimejifunza maneno ya Ngeleja kwa wiki tatu na bado nilikuwa nayachanganya. Wewe uliniambia nishike dira mbali na chuma, nisome namba kwa sauti, na ukaigeuza stendi kwa ncha za vidole mpaka ukasema basi. Digrii nane ulizipima kwa kugusa alama ulizokuwa umezikwaruza kwenye stendi kwa msumari zamani. Nilipofungua kamera dakika mbili, kila nyota ilitoka nukta. Ngeleja ameiona picha hiyo. Ameuliza ni nani aliyelenga, nikamwambia.

Tulipiga sitini. Ulikaa kwenye kigoda na blanketi la mama, unasikiliza mlio wa mota, na kila kamera ilipofunga ulihesabu. Ya kwanza kabisa ilipotokea kwenye skrini uliniuliza, "Lipo?" Nikasema lipo. Ukauliza rangi. Nikasema jekundu, kama makaa yanayokaribia kuzima, na katikati pana weupe, na kuna ufa mweusi umepita kama njia kwenye shamba la ulezi. Halafu ukasema, "Mwaka jana ningeliona." Hukulisema kwa kunilaumu. Ulilisema kama ulivyokuwa ukisema kiasi cha mvua.

Nilitaka kukuambia pale pale, nikashindwa. Siku nne zilizobaki nilishindwa kila siku. Nakuambia sasa.

Kamera ile sikuitafuta mahali popote. Ni yangu, ile ya kwanza, niliyoinunua Mbeya kwa kuosha vyombo. Lenzi ya 135 ni yake pia. Tangu nilipopata kamera mpya ilikuwa imekaa kabatini kwangu, imefungwa kwenye taulo. Barua yako ya kwanza ilipofika, Mei mwaka jana, niliisoma nikiwa nimekaa mita mbili kutoka kwenye kabati hilo. Nilijua inafaa. Ngeleja alipoitaja aina yake nilijua kwa mara ya pili. Ningeweza kuiweka kwenye basi siku yoyote, ingefika keshokutwa.

Nilikuwa nangoja sentensi moja. Kila barua yako nilianza kwa kuitafuta, sikuiona, nikasema basi nangoja na wewe ungoje. Stendi ya Desemba niliituma bila kamera makusudi, ili ukae na nusu ya kitu uone inavyokuwa. Nilidhani tunagombana. Sikujua kwamba wewe una siku za kuhesabu.

Na kuna kibaya zaidi. Sentensi ilipokuja, mwezi wa tatu, na habari ya macho pamoja nayo, bado sikuituma. Nilitaka niilete mwenyewe, nione uso wako ukiipokea. Rose ameniambia kwamba wiki ya kwanza ya Aprili mvua ilikatika na anga likafunguka jioni nne mfululizo, na ulikaa uani na stendi yako tupu. Jioni nne, baba. Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona.

Sitafuti maneno ya kujitetea. Nimeona ni vibaya uipokee picha hii kama zawadi wakati hujui.

Binti yako,
Jenifa


Mollo
13 Julai 2025

Jenifa,

Nimerudi nyumbani kwangu, Rose anakuja kila siku baada ya kufunga duka lake. Ndiye anayeandika. Baridi ni kali lakini nimeizoea. Mavuno si haba. Natumaini hujambo.

Barua yako ilisomwa mara moja tu. Rose alitaka kuirudia, nikamwambia inatosha. Nimekaa nayo wiki mbili ndipo nikamwita aje na kalamu.

Siwezi kukuambia kwamba haikuniuma. Imeniuma. Zile jioni nne za Aprili ndizo zimeniuma kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mwaka ule nauelewa. Mtu akikaa na neno kama lile nililokuambia miaka kumi na tatu, hatoi kamera siku anayoombwa. Hata mimi nisingetoa. Lakini Aprili ulikuwa umeshanisamehe, umeandika kwa mkono wako, na bado ukangoja ili jambo liwe zuri. Hilo nimelitafuta pa kuliweka sijapata.

Nimejiuliza pia kama ningekuandikia ile sentensi Mei badala ya kuuliza habari za darubini. Ingekuwa mistari miwili. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na macho. Kwa hiyo usibebe peke yako. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, sisemi ili ulale vizuri.

Kasmir alikuja akaomba kuazima kamera na stendi kwa ajili ya darasa lake. Nimempa stendi. Kamera uliyoiacha hapa nimemwambia si yangu, akuombe wewe. Namba yako ninayo, nitampa ukikubali.

Kuhusu picha. Rose aliifungua akanipa, nimeipitisha mkono juu ya kioo na kwenye kona za fremu. Anasema ni nzuri kupita ile ya Kasmir. Alikuwa ameshachukua nyundo na msumari, anataka kuitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango. Nimemkataza kwanza. Watu wakiingia wataiona kabla hawajakaa, wataniuliza ni nini na imepigwaje na nani, na mimi sijajua nitawajibu nini. Nimeambiwa Baltazari bado hupita hapa kila Jumapili.

Imeegemezwa ukutani chumbani kwangu, uso wake kwa ndani ili kioo kisivunjike. Desemba barabara huwa nzuri mpaka katikati ya mwezi. Ukija utaitundika mwenyewe, na watakapouliza utakuwepo, tutawajibu wote wawili. Usipokuja itakaa hapo hapo. Sitamruhusu Rose.

Sahihi nimeweka mwenyewe, samahani kama imetoka nje ya mstari.

Baba yako,
Eustaki